Nani Aliyelishona Gauni la Tausi?

Mavazi ni jambo la kila siku, na kwa sababu hiyo watu wengi huyadhani kuwa si jambo la kufikiriwa. Mtu huyavaa asubuhi na kuyavua usiku. Hujua bei yake, rangi yake na kimo chake, asijue mkono ulioyashona. Katika nguo za kawaida ujinga huu husamehewa. Lakini zipo nguo chache duniani zilizotiwa kazi nyingi mno, hata kutoujua mkono huo kukawa swali la haki. Moja katika hizo ni gauni lililovaliwa mjini Delhi usiku wa tarehe 6 Januari 1903, ambalo hata leo huitwa Gauni la Tausi.

Katika karne hii wametokea watu waliotamani kulishona upya gauni hilo kwa mkono, shono kwa shono, kama lilivyokuwa. Tamaa yao ni tamaa ya uzuri, na tamaa ya uzuri si aibu. Hata hivyo ndani yake limo swali ambalo mwenye kuishika sindano hiyo hawezi kulikwepa. Anayeshona upya vazi la kale hurudia nini? Je, hurudia uzuri wake tu, au hurudia pia dhuluma iliyofungwa pamoja na uzuri huo? Swali hili ndilo litakalopimwa hapa. Lakini kabla ya kupima, ni wajibu kitu kinachopimwa kijulikane.

Mwenye gauni alikuwa Bibi Mary Curzon. Alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1870, kwa jina la Mary Leiter, akiwa binti wa mfanyabiashara tajiri. Mwaka 1895 aliolewa na Mwingereza George Nathaniel Curzon, na mumewe alipotawala Bara Hindi kwa niaba ya ufalme wa Uingereza, tangu 1899 hata 1905, yeye akawa bibi mkubwa wa dola katika nchi ile. Mwanzoni mwa 1903 lilikutanishwa Delhi baraza kubwa la kutangaza utawala wa Mfalme Edward wa Saba juu ya India. Mfalme mwenyewe hakwenda; alimtuma ndugu yake. Wakuu wa India walipita juu ya tembo waliopambwa, majeshi yakaandamana, na sherehe zikaendelea kwa siku nyingi. Usiku wa tarehe 6 palikuwa na dansi ya heshima katika Ngome Nyekundu, makao ya kale ya wafalme wa Kimoghuli. Katika ngome hiyo ndimo kilimokuwa zamani Kiti cha Tausi cha Shah Jahan, kilichotekwa na Nadir Shah wa Uajemi mwaka 1739. Kwa hiyo tausi wa gauni lile hakuwa pambo la kubahatisha. Kiti kilikuwa kimekwenda zake. Mke wa mtawala mgeni akaingia katika ngome ile ile, amevaa tausi tangu kifuani hata miguuni. Maana yake haikuhitaji mkalimani.

Manyoya ya gauni hayakuwa manyoya ya ndege. Yalikuwa darizi ya nyuzi za dhahabu na fedha juu ya shifoni ya hariri, unyoya mmoja ukilalia unyoya wa pili kama vigae vya paa. Katikati ya unyoya, mahali pa jicho la tausi, paliwekwa gamba la bawa la dundu, mdudu mwenye mbawa ngumu za kijani zinazong'aa, hata aliyetazama kwa mbali aliweza kudhani kuwa ni zumaridi. Vitambaa vilidariziwa India na mafundi wa India. Vilipokamilika vilivushwa bahari mpaka Paris, katika nyumba ya ushonaji ya Worth, vikaunganishwa kuwa gauni, na pindo lake likapambwa kwa mawaridi meupe. Kisha gauni likarudi India kuvaliwa. Uzito wake ni kama kilo 4.5. Sasa limehifadhiwa Kedleston Hall, Derbyshire, Uingereza, katika nyumba ya ukoo wa Curzon.

Ufundi wa darizi hiyo huitwa zardozi, neno la Kiajemi ambalo maana yake ni kushona kwa dhahabu. Mswahili hana haja ya kwenda mbali kulifahamu, kwani nusu yake anayo kinywani mwake: huuita zari uzi ule ule uliopamba majoho ya wakubwa wa pwani. Hata mahali panapofanyiwa kazi hiyo India huitwa kwa neno ambalo Kiswahili nacho kimelipokea, karakana. Bahari iliyovusha nguo ilivusha na majina yake.

Ndani ya karakana kitambaa huwambwa juu ya kiunzi cha mbao, kikakazwa kama ngozi ya ngoma. Mafundi huketi chini kukizunguka, kila mmoja na sehemu yake. Mchoro hutobolewa vitundu vidogo juu ya karatasi, na unga wa rangi hupitishwa katika vitundu hivyo mpaka alama zake zikakaa juu ya nguo. Kisha huanza kazi ya siku nyingi. Na hapa pana jambo la kustaajabisha kwa asiyekuwa mwenye kazi: uzi wa dhahabu haushoni kitu. Ni uzi wa madini, ni mgumu, nao ukivutwa ndani ya hariri nyembamba huichana hariri au hukatika wenyewe. Kwa hiyo hulazwa juu ya kitambaa, na uzi mwingine, mwembamba na dhaifu kwa kuonekana, hupita juu yake kwa mapigo madogo madogo ya sindano, ukiufunga mahali pake. Kazi ikiisha, jicho huona dhahabu. Uzi ulioishika dhahabu hauonekani, na kwa kutoonekana kwake ndipo fundi huhesabiwa kuwa hodari.

Jambo hili anayelitazama gauni katika kioo cha makumbusho hawezi kulijua. Yeye huona upande mmoja tu, upande ule ule walioutazama wageni wa dansi. Anayelishona hulazimika kukipindua kitambaa. Upande wa nyuma hauna tausi: una mafundo, una ncha za nyuzi, una njia ya mkono uliochoka ukakosa mstari, na ya mkono uliopumzika ukaurudia. Akimaliza unyoya mmoja mshonaji hutazama saa. Akihesabu manyoya yaliyobaki hutazama kalenda. Akikumbuka kuwa upo na mkia wa gauni, huanza kuhesabu umri wake. Hapo ndipo hutambua kuwa kitu alichodhani ni nguo ya mtu mmoja kilikuwa kipande cha maisha ya watu wengi.

Elimu hii haiji kwa mashine. Wala isidhaniwe kuwa mkono ulitumika mwaka 1903 kwa sababu mashine hazijakuwako. Josué Heilmann wa Ufaransa alibuni mashine ya kudarizi mwaka 1828. Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851. Mkono ulichaguliwa kwa kuwa ulijua jambo ambalo mashine haikujua, na kwa kuwa ulikuwako wa kukodiwa. Siku hizi mashine inayoongozwa na kompyuta yaweza kupiga manyoya ya tausi juu ya kitambaa kwa muda mfupi, na nguo itakayotoka yaweza kupendeza. Lakini nguo hiyo itakuwa imeigiza sura ya gauni pasipo kuigiza kazi yake. Itaanzia pale aliposimama mtazamaji, nayo itaishia pale pale. Kuiga kwa mkono ni kuiga kwa namna nyingine: ni kulipita upya pito ambalo wengine walilipita kwanza. Kwa hiyo swali la haki huwa zito zaidi kwa mshonaji wa mkono kuliko kwa mwenye mashine, maana yeye ameona, na aliyeona hawezi kujitetea kwa kutojua.

Juu ya swali hili watu husimama mafungu mawili.

Fungu la kwanza husema kwamba uzuri hauna hatia. Mto haulaumiwi kwa sababu mtu amezama ndani yake, na gauni halilaumiwi kwa sababu ya karamu ambamo lilivaliwa. Waliotawala wamekwisha kufa. Bibi Curzon alifariki mwaka 1906, kabla ya kutimiza miaka 4 tangu usiku ule. India ilipata uhuru mwaka 1947. Na dola iliyotaka kung'aa kwa manyoya ya tausi haipo tena. Kilichobaki ni ufundi, na mwenye kuushona upya huuokoa katika kusahauliwa. Huyo hustahili shukrani, wala hastahili kuulizwa maswali.

Fungu la pili husema kwamba gauni lile lilikuwa kauli kabla ya kuwa nguo. Katika miaka ya 1899 na 1900 njaa kali iliipiga India ikaua watu wengi mno, na hapakupita miaka mingi ndipo dhahabu na fedha zikasokotwa kuwa pambo la usiku mmoja. Gharama za baraza la Delhi zililaumiwa zama zile zile na Wahindi wenyewe, wala lawama hiyo haikungoja watu wa karne ya baadaye. Vazi lililoshonwa kuonyesha kuwa mgeni ameketi mahali pa mwenyeji haliwezi kurudiwa bila ya kuirudia kauli yake. Basi na liachwe katika kioo chake, litazamwe kama ushahidi, lisipewe mwili mwingine wa kulivaa.

Kila fungu lina sehemu yake ya kweli, na kila fungu lina shimo lake. Shimo la fungu la kwanza ni ule mfano wa mto. Mto haukutengenezwa na mtu. Gauni lilitengenezwa, tena lilitengenezwa ili liseme. Aliyechagua tausi alijua alilolichagua. Kusema kuwa kitu hakina hatia kwa sababu ni kizuri ni kuufanya uzuri kuwa sabuni, na uzuri si sabuni. Hausafishi kitu, bali huonekana tu.

Shimo la fungu la pili ni gumu kuonekana, kwa sababu limefunikwa na huruma. Fungu hili huwahurumia mafundi, kisha huizika kazi yao. Likikataliwa gauni kwa ajili ya aliyelivaa, ni nani anayekataliwa? Bibi Curzon alilivaa kwa usiku. Waliolidarizi walikaa nalo mchana baada ya mchana, macho yao yakiwa karibu nalo kuliko macho ya mtu mwingine yeyote baada yao. Kwa hesabu ya muda, gauni lile lilikuwa lao zaidi kuliko lilivyokuwa lake. Kulihukumu kwa jina la mvaaji peke yake ni kukubali dai lake kwamba gauni lilikuwa mali yake tu. Na hilo ndilo dai ambalo fungu la pili lilikusudia kulipinga.

Yupo na mtu wa tatu, mwenye daftari la hesabu, asemaye kuwa ugomvi wote huu hauna msingi, maana mafundi walilipwa. Mtu huyu asipuuzwe. Wafalme wa Kimoghuli ndio waliozilisha karakana za namna ile, na ufalme wao ulipokwisha, wenye sindano walihitaji wanunuzi wapya. Curzon na mkewe waliupenda ufundi wa India. Wakati wa baraza la Delhi palikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa za nchi, na Curzon alitaka yawe ya kazi za Kihindi hasa, si ya kuiga mitindo ya Ulaya. Bibi Curzon ndiye aliyesimamia kudariziwa kwa gauni alilolivaa Malkia Alexandra siku ya kutawazwa mwaka 1902, nalo pia lilidariziwa India. Oda za namna hii zilikuwa riziki. Fundi mwenye watoto hali sifa. Hula chakula, na aliyempa kazi ya halali hakumwibia.

Hayo ni kweli. Lakini ujira ni deni moja katika madeni mawili. Deni la kwanza ni la tumbo, nalo hulipwa kwa fedha na kwisha siku ya malipo. Deni la pili ni la jina, nalo huishi muda wote kazi inapoishi. Fundi akilipwa leo, kesho halipwi tena. Lakini kila siku kazi yake inapotazamwa na kustaajabiwa, swali la nani aliyeifanya huzaliwa upya, na kila siku hujibiwa kwa kweli au kwa uongo.

Mtu aweza kujibu kuwa fundi wa zamani hakutaka jina, kwamba desturi ya karakana ilikuwa kufanya kazi na kunyamaza. Gauni lenyewe hulikanusha jibu hili. Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefanya kazi Paris, alikuwa miongoni mwa washonaji wa kwanza kutia majina yao ndani ya mavazi waliyoyatengeneza, kama mchoraji atiavyo saini katika picha. Alikufa mwaka 1895, na gauni la 1903 lilibuniwa katika nyumba yake na mwanawe, Jean-Philippe. Hivyo gauni moja lilipata majina mawili: jina la mvaaji katika vinywa vya watu, na jina la nyumba iliyolibuni. Walioujaza uwanja wake kwa dhahabu hawakupata la tatu. Hata pale panapotajwa mwenye karakana iliyopokea kazi, walioketi kwenye kiunzi hawatajwi mmoja mmoja. Sasa, kama jina lingekuwa kitu bure, Paris isingelitafutia uzi na sindano ili lishonwe. Wenye uwezo wa kuyatia majina yao waliyatia. Wasiokuwa na uwezo huo walinyamaza, na kunyamaza kwao kukaitwa desturi.

Kwa hiyo kosa linaloweza kurudiwa na mshonaji wa leo halimo katika tausi, wala katika dhahabu, wala katika dundu. Limo katika kuipokea sifa ya wengi kwa jina la mmoja. Mshonaji wa leo aweza kulirudia kosa hilo kwa wepesi wa ajabu. Akikaa miaka kadhaa na sindano yake, akimaliza, watu watamsifu subira yake. Picha itapigwa. Itasemwa kuwa amelifufua gauni la Bibi Curzon. Naye akiinamisha kichwa kwa shukrani, akanyamaza, atakuwa ameketi mahali pale pale alipoketi mvaaji wa 1903: mbele ya dhahabu, akiwa ameusahau uzi unaoishika.

Tena hana budi ajihadhari na udanganyifu mwingine ulio laini zaidi, nao ni kudhani kuwa kwa kuchoka kama mafundi amekuwa mmoja wao. Amechoka kwa kupenda. Huiacha sindano macho yakimuuma, na huishika tena moyo ukimtuma. Fundi wa karakana hakuwa na ruhusa hiyo. Mshonaji wa leo hujifunza muda wa kazi ile, lakini hajifunzi haja yake. Huujua ugumu wa uzi, haujui ugumu wa siku isiyokuwa na ujira. Mwenye kufunga kwa hiari asijilinganishe na mwenye njaa. Ni vizuri aijue njia ya mkono wa fundi. Si vizuri aseme kuwa anaijua na njia ya maisha yake.

Njia hiyo ikimwelemea, kama ilivyo yamkini, atafika kwenye njia panda tatu. Aweza kuiacha kazi. Wengine watamcheka, lakini kuiacha kazi kwa kutambua kuwa mtu mmoja hawezi kuwa karakana nzima si kushindwa tu, bali pia ni aina ya ushahidi. Aweza kuipunguza, akashona kipande kimoja, unyoya mmoja au mkono mmoja wa gauni, kisha akasema waziwazi: hiki ndicho nilichokiweza, basi pimeni kwa hiki ukubwa wa walichokiweza wao. Huenda kipande cha namna hiyo kikafundisha kuliko gauni zima. Au aweza kuwakodi mafundi wa zardozi, ambao wangaliko India hata leo, wakamdarizia vitambaa. Akifanya hivyo atakuwa amesimama alipokuwa Bibi Curzon mwaka 1903, ana fedha mkononi na mchoro mbele yake. Kusimama hapo si dhambi. Kinachomtofautisha na aliyemtangulia ni mambo mawili tu: kwamba bei iwe ya haki kwa hesabu ya anayeipokea, si ya anayeitoa tu, na kwamba majina ya mafundi, wakiridhia, yafike popote litakapofika gauni. Mambo mawili ni machache kuyasema. Historia ya mavazi yaonyesha kuwa si machache kuyatenda.

Msomaji wa pwani asidhani kuwa habari hii ni ya Delhi na Paris tu, wala asiwahukumu watu wa mbali hali kichwa chake kimefunikwa na swali lile lile. Kofia iliyoshonwa kwa mkono, ya Lamu au ya Unguja, ni darizi isiyokuwa na dhahabu, lakini ina sheria ile ile ya uvumilivu. Mchoro hutiwa juu ya kitambaa cheupe. Tundu dogo hutobolewa na kuzungushiwa uzi. Kisha lingine, na lingine, mpaka kitambaa chote kikawa viua. Wanawake wengi wameishona kazi hii barazani na uani, kati ya kazi moja ya nyumba na nyingine, wiki baada ya wiki. Kanzu ya kazi nayo ina badani yake, taharizi zake, vikwapa vyake na kaba yake, na katika kaba hiyo ndimo fundi alimoweka darizi iliyomtia mvaaji haiba. Siku ya Idi au ya harusi kofia na kanzu hupita njiani, na watu husema, "Fulani amependeza." Ni kweli, amependeza. Lakini sifa yote imekwenda kwa mwenye kichwa. Ni nadra muulizaji kuuliza ni mkono wa nani. Na pengine mwenye kofia mwenyewe akiulizwa, atataja duka.

Hata katika nyumba za elimu ni hivyo hivyo. Wasomi hujua kwa bidii tarehe ya vazi, jina la sultani aliyelivaa, na jina la msafiri aliyelinunua. Mahali pa jina la mshonaji aghalabu pako wazi, na uwazi huo haumsumbui mtu, kwa sababu macho yameuzoea. Elimu isiyosumbuliwa na mahali palipo wazi imekubali kuwa mvaaji. Haihitajiwi ivumbue majina yaliyopotea. Kuvumbua jina lisilopatikana ni uongo, na uongo si heshima. Inahitajiwa iseme tu kwamba pahali hapo pana mtu, na kwamba kutokujulikana kwake ni habari ya wakati wake, si kasoro ya kazi yake.

Sasa swali la mwanzo laweza kujibiwa. Anayeshona upya vazi la kale kwa mkono hurudia vyote viwili, uzuri na dhuluma, kwa kuwa vilishonwa pamoja, wala hapana wembe wa kuvitenga. Lakini jinsi atakavyovirudia imo katika hiari yake. Akilirudia vazi kama alivyoliona mtazamaji, atakuwa ameuongeza uzuri na ameifunika dhuluma kwa mara ya pili. Akilirudia kama alivyolijua fundi, akakipindua kitambaa mbele ya watu, akasema palikuwa na mikono mingi hapa, wala majina yake hatuletewi, atakuwa amelipa kidogo katika deni ambalo mvaaji wa kwanza hakulitambua. Haki ya kulishona haitokani na uhodari wa vidole vyake. Yatokana na utayari wake wa kukataa kusifiwa peke yake. Kwa mshonaji aliyekaa miaka na kazi yake, kukataa huko si jambo dogo. Huenda ndiyo sehemu ya gauni iliyo ngumu kuliko zote.

Gauni la kwanza lingaliko Kedleston. Fedha yake imefifia, kama ifanyavyo fedha ikiachwa na hewa kwa muda mrefu, hata wanaoliona leo hawaoni mng'ao ulioonekana usiku wa Delhi. Magamba ya dundu hayakufifia. Rangi yake ni ile ile ya kijani. Na chini ya kila uzi wa madini uliotiwa giza na miaka, uzi mwembamba wa fundi ungali umeushika mahali pake, kama ulivyoagizwa.